Sindano za Homoni ya Ukuaji na Macho ya Mtoto: Lipi Ni la Dawa na Lipi Lilikuwapo Kabla

Karatasi ya maelekezo inayokunjwa ndani ya boksi la homoni ya ukuaji ina sentensi ambayo wazazi wengi huipita, na wachache wanaoisoma hushangaa: inaagiza mtoto achunguzwe sehemu ya nyuma ya jicho kabla ya kuanza sindano, na achunguzwe tena mara kwa mara anapoendelea kuzitumia. Mtoto ameletwa hospitali kwa sababu harefuki kama wenzake. Macho yameingiaje hapo? Jibu ni refu kuliko swali, kwa kuwa chini ya jina moja la madhara ya macho yamerundikwa mambo matatu yasiyofanana. Kuna tatizo halisi la dawa, ambalo ni nadra lakini halisubiri. Kuna hofu ya zamani iliyotokana na wagonjwa wa kisukari, ambayo kwa watoto haikupata ushahidi wa kuitegemeza. Na kuna kasoro za macho zilizokuwapo kabla ya sindano ya kwanza, ambazo dawa hubebeshwa lawama zake bure. Anayeyachanganya hayo anaweza kukosea kwa pande mbili: kupuuza dalili ya hatari, au kumkatizia mtoto matibabu aliyoyahitaji.

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo yenye ukubwa wa punje ya njegere. Juu yake kidogo tu ndipo neva mbili za macho zinapokutana na sehemu ya nyuzi zake kuvuka kwenda upande wa pili, na ujirani huo una maana kubwa kwa mambo yatakayofuata. Homoni ikiingia katika damu huliamuru ini kutoa protini iitwayo IGF-1, na protini hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kurefusha mifupa. Tangu Maurice Raben wa Boston alipoeleza mwaka 1958 jinsi homoni ya binadamu ilivyomrefusha mgonjwa wake, dawa hii ilikuwa ikitolewa katika tezi za maiti, hadi mwaka 1985 ilipobainika kuwa baadhi ya waliodungwa walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha homoni inayotengenezwa maabara kwa bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na ndiyo inayotumika hadi leo. Hupewa watoto wenye upungufu wa homoni yenyewe, wasichana wenye sindromu ya Turner (hali ya kuzaliwa na kromosomu X moja tu kamili), watoto wenye ugonjwa sugu wa figo, wenye sindromu ya Prader-Willi (hali ya kijenetiki inayoleta udhaifu wa misuli na njaa isiyoshiba), na baadhi ya waliozaliwa wadogo mno wasifikie wenzao. Kwa mwenye upungufu, dozi ya kawaida ni mikrogramu 25 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikidungwa chini ya ngozi kila jioni. Kwa Turner huwa kubwa zaidi.

Tatizo halisi la dawa, ambalo ndilo lililosababisha agizo lile kuandikwa, ni kupanda kwa shinikizo ndani ya fuvu. Mwaka 1993 maofisa wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walichapisha taarifa za wagonjwa waliopatwa na hali hiyo wakiwa katika matibabu ya homoni ya ukuaji, na tangu hapo kumbukumbu zilizokusanywa kwa makumi ya maelfu ya watoto zimeonyesha kuwa hutokea kwa chini ya mtoto mmoja katika kila elfu moja. Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Shinikizo hili silo lile ambalo watu huliita presha ya macho, yaani glakoma. Presha ya macho iko ndani ya jicho lenyewe na hupimwa kwa kugusa au kupuliza uso wa jicho. Shinikizo tunalolizungumzia liko katika majimaji yanayouzunguka ubongo, na jicho ni dirisha tu linalotuwezesha kuona dalili yake. Mtoto anaweza kupimwa presha ya macho ikaonekana safi kabisa huku shinikizo la fuvu likiwa limepanda kupita kiasi.

Majimaji hayo ya ubongo hutengenezwa na kunyonywa mfululizo, na mizani ya kutengenezwa na kunyonywa ndiyo inayolidhibiti shinikizo. Homoni ya ukuaji huufanya mwili kushikilia chumvi na maji, ndiyo maana wengine huvimba mikono au miguu katika wiki za mwanzo. Pamoja na hilo, IGF-1 inadhaniwa kuvichochea vishada vya mishipa vilivyo ndani ya ubongo vinavyotengeneza majimaji hayo vitoe zaidi ya kawaida. Ushahidi mzuri wa upande huu wa IGF-1 unatoka kwa kundi dogo la watoto wasiotumia homoni ya ukuaji hata kidogo. Hao ni wenye sindromu ya Laron, iliyoelezwa na Zvi Laron wa Israeli mwaka 1966, ambao miili yao ina homoni tele lakini haiisikii kwa sababu kipokezi chake kina hitilafu, na hivyo hutibiwa kwa IGF-1 yenyewe, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Nao pia baadhi yao wamepata kupanda kwa shinikizo la fuvu. Kama homoni imerukwa na tatizo bado likatokea, basi mlolongo unaopitia IGF-1 hauwezi kuachwa nje ya maelezo.

Hali hiyo kwa kawaida hujitokeza mapema, mara nyingi ndani ya wiki nane za kwanza baada ya kuanza sindano au baada ya kuongezwa dozi. Muda huo una mantiki yake: mtoto mwenye upungufu mkubwa ameishi miaka mingi mwili wake ukiwa umezoea kukosa homoni, kisha usiku mmoja anapewa dozi kamili. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari huanza kwa dozi ndogo na kuipandisha hatua kwa hatua, hasa kwa watoto wenye hatari kubwa zaidi, nao ni wenye ugonjwa wa figo, wasichana wa Turner, wenye Prader-Willi, na watoto wanene kupita kiasi. Hata hivyo wiki nane si ukuta. Wapo waliopatwa na tatizo baada ya miezi mingi, na mzazi asiambiwe kwamba mwezi wa tatu ukipita salama basi suala limefungwa.

Namna shinikizo linavyoliathiri jicho inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu hapo ndipo penye hatari yenyewe. Neva ya macho imevikwa utando uleule unaouvika ubongo, na majimaji yaleyale huizunguka hadi inapoingia nyuma ya jicho. Shinikizo likipanda, neva hubanwa mahali hapo, vitu vinavyosafiri ndani ya nyuzi zake hukwama njiani, na kichwa cha neva huvimba. Daktari aliyemtia mtoto matone ya kupanua mboni, akasubiri kama nusu saa, kisha akachungulia kwa taa katika chumba chenye giza, kwa mtoto mzima huona duara lenye rangi ya waridi na manjano, kingo zake zimekatika vizuri, na mishipa myembamba ya damu inatoka katikati yake bila kufichwa na chochote. Duara likivimba, kingo hufifia, mishipa inayozivuka hupotea kwa sehemu kisha ikatokeza tena mbele, vena, yaani mishipa inayorudisha damu, hujaa na kujipinda, na damu kidogo inaweza kuonekana imevuja pembeni. Kwa kawaida macho yote mawili huvimba, ingawa si lazima kwa kiwango kimoja.

Jambo linalowapotosha hata wahudumu wa afya ni kwamba mtoto mwenye uvimbe huo anaweza kuendelea kuona vizuri kwa muda mrefu. Atasimama mbele ya bango la herufi na kuusoma mstari wa mwisho bila kukosea, kwa sababu nyuzi zinazobeba uoni wa katikati huathirika mwishoni. Kinachopotea kwanza ni pembeni: doa la upofu, yaani sehemu ndogo isiyoona ambayo kila jicho huwa nayo, hupanuka, kisha eneo la kuona husinyaa polepole kutoka nje kuja ndani, na mtoto, asiyejua kuwa wengine wanaona zaidi yake, halalamiki. Nyuzi zilizobanwa kwa miezi hufa, na hizo hazioti tena. Kwa hiyo kumpima mtoto kwa bango la herufi peke yake na kumwandikia kuwa macho yake ni mazima si jibu la swali lililoulizwa. Swali lilihusu hali ya neva, na neva huonekana kwa kuchungulia tu.

Dalili anazoweza kuzisema mtoto mkubwa ni kuumwa kichwa kunakozidi asubuhi au anapolala, anapoinama au kukohoa. Kichefuchefu na kutapika. Giza la sekunde chache linalopita machoni anaposimama ghafla. Na wakati mwingine mvumo masikioni unaokwenda sawasawa na mapigo ya moyo. Wengine huona vitu viwili viwili, hasa wanapotazama mbali, kwa kuwa shinikizo huielemea neva ya sita, ile inayoligeuza jicho kuelekea nje, na jicho husogea upande wa pua. Mtoto wa miaka mitatu au minne hatasema lolote kati ya hayo. Atageuza kichwa upande mmoja kila anapotazama televisheni, atafumba jicho moja akiwa juani, atapata makengeza ambayo wiki iliyopita hayakuwapo, au atakuwa mwenye kulialia na kukataa chakula bila sababu inayoonekana.

Kwetu Afrika Mashariki dalili hizi zina mtego wa ziada, kwa sababu kichwa na kutapika kwa mtoto huanza kutafsiriwa kuwa malaria kabla ya kingine chochote. Hilo si kosa, maana malaria huua na lazima ipimwe. Tatizo huja kipimo kinapoonyesha kuwa hakuna vimelea na bado mtoto akarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu. Muuguzi huuliza, "Mama, mtoto anatumia dawa yoyote?" na mama hujibu kwa moyo safi kwamba hatumii, kwa sababu ile kalamu ya sindano iliyoko kwenye friji imeshakuwa sehemu ya desturi za nyumbani na hakuna anayeihesabu tena kuwa dawa. Mzazi wa mtoto aliye katika matibabu haya anapaswa kuitaja homoni kila anapompeleka mtoto zahanati au hospitali, hata kama amepelekwa kwa kikohozi tu, na ni vyema daktari aliyeianzisha aiandike kwenye jalada la kwanza la daftari la kliniki ya mtoto.

Ikiwa uvimbe wa neva umeonekana, sindano husimamishwa. Picha ya MRI, pamoja na ile inayoonyesha vena kubwa za kichwa, hupigwa ili kuhakikisha kuwa hakuna uvimbe wa saratani au wa aina nyingine, majimaji yaliyojaa ndani ya ubongo, au damu iliyoganda kwenye vena. Baada ya hapo hufanyika kipimo cha majimaji ya mgongo, ambapo shinikizo husomwa mtoto akiwa amelala ubavu: kwa watoto, kiwango kinachohesabiwa kuwa kimepanda ni zaidi ya sentimita 28 za maji, au zaidi ya 25 ikiwa mtoto si mnene na hakupewa dawa ya usingizi. Mpangilio huo haupinduliwi. Kuchoma sindano ya mgongo kabla ya picha, kwa mtoto aliye na uvimbe ndani ya kichwa, kunaweza kumwua. Habari njema ni kwamba katika visa vilivyoripotiwa dalili zilipungua haraka baada ya homoni kusimamishwa au kupunguzwa. Wengine huongezewa asetazolamidi, dawa inayopunguza utengenezaji wa majimaji hayo, na ni wachache mno wanaohitaji upasuaji.

Daktari hutakiwa pia kuuliza mambo mengine yanayopandisha shinikizo hilo, maana homoni inaweza kuwa na mshirika. Antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini, zikiwamo doksisaiklini na zile anazopewa kijana kwa ajili ya chunusi, zinajulikana kwa hilo. Vilevile dawa za chunusi zinazotokana na vitamini A, na kuacha ghafla dawa za steroidi zilizotumika kwa muda mrefu. Vitamini A yenyewe ikizidi huleta hali hiyohiyo. Matone yanayotolewa kwenye kampeni kwa watoto chini ya miaka mitano yamepimwa kwa umri na hayana sababu ya kukataliwa. Kinachotia wasiwasi ni vidonge na mafuta ya ini la samaki ambayo mzazi, kwa nia njema, huongeza kila siku akitumaini mtoto atarefuka haraka zaidi.

Si kila neva inayoonekana kuvimba imevimba. Baadhi ya watoto huwa na chembe ndogo za kalsiamu zilizofukiwa ndani ya kichwa cha neva, na wengine wana jicho fupi ambamo nyuzi zote hulazimika kupita kwenye tundu dogo, zikasongamana na kingo zikaonekana zimefifia. Jicho fupi, lenye kuhitaji miwani ya kuona karibu, ni jambo linalotarajiwa kwa baadhi ya watoto ambao mwili mzima umekosa homoni ya kukua. Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo ambaye hakuchunguzwa kabla ya kuanza matibabu. Mwezi wa pili anaumwa kichwa kwa sababu nyingine kabisa, anachunguliwa, kingo zinaonekana zimefifia, naye anasimamishiwa dawa, anapigwa picha na kuchomwa mgongo kwa ajili ya neva aliyozaliwa nayo hivyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kutouruka uchunguzi wa kwanza: unapatikana mara moja tu, na wakati wake ukishapita hakuna kipimo kinachoweza kurudisha hali ya neva ilivyokuwa kabla. Picha ya nyuma ya jicho iliyohifadhiwa, au kipimo cha OCT kinachosoma unene wa tabaka la nyuzi, ni bora kuliko maneno "kawaida" yaliyoandikwa kwa haraka kwenye faili. Chembe za kalsiamu huweza kutambuliwa kwa ultrasaundi ya jicho, ambayo haina maumivu.

Hofu ya pili, ile ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina historia ndefu. Mwaka 1953 daktari wa Denmark, Jacob Poulsen, alieleza habari za mwanamke mwenye kisukari ambaye pituitari yake ilikufa baada ya kujifungua, na mishipa iliyokuwa imeharibika katika retina yake ikapata nafuu. Kutokana na uchunguzi huo, katika miaka ya 1950 na 1960 wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakielekea upofu walifanyiwa upasuaji wa kuondolewa pituitari nzima, tiba kali iliyoachwa baada ya matibabu ya leza kupatikana. Mantiki iliyobaki vichwani mwa madaktari ilikuwa kwamba, kama kuondoa homoni ya ukuaji huokoa retina, basi kuiongeza huenda kukaiharibu. Mwaka 1998 zikachapishwa taarifa za wagonjwa wawili wasio na kisukari waliotumia homoni hii na kuonekana na mabadiliko ya retina yanayofanana na ya kisukari, na wasiwasi ukawaka upya.

Yaliyofuata yaliuzima kwa kiasi kikubwa. Watafiti waliochunguza makundi ya watoto waliokuwa katika matibabu hawakuona retina zikiharibika kwa namna hiyo, na leo hakuna sababu ya kumweleza mzazi wa mtoto asiye na kisukari kwamba sindano hizi zitaharibu mishipa ya retina. Katazo lililobaki ni mahususi: mwenye kisukari ambaye retina yake tayari inaota mishipa mipya isiyo ya kawaida, au iliyo katika hatua kali inayokaribia hapo, hapewi homoni ya ukuaji. Kwa watoto hali hiyo ni nadra, kwani huchukua miaka mingi ya kisukari kufika huko. Lakini kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayepewa homoni kwa sababu nyingine anahitaji ratiba ya retina iliyo kali zaidi, na pia sukari yake itapanda, kwa kuwa homoni ya ukuaji hupingana na insulini.

Wazazi wa watoto njiti huuliza swali linalofanana na hilo, wakikumbuka kuwa mtoto alichunguzwa macho wodini kwa hofu ya ugonjwa wa retina wa njiti. Hapa uhusiano unakwenda kinyume na matarajio. Kazi ya Ann Hellström wa Gothenburg na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2001, ilionyesha kuwa upungufu wa IGF-1 katika wiki za mwanzo ndio unaozuia mishipa ya retina kukua inavyopaswa, na kwamba ukuaji wa fujo huja baadaye kama jibu la retina yenye njaa ya oksijeni. Isitoshe, mishipa ya retina humaliza kuenea karibu na wakati ambao mtoto angezaliwa kwa kawaida, ilhali homoni kwa waliozaliwa wadogo huanza kutolewa kuanzia miaka 2 Marekani na miaka 4 Ulaya. Wakati wa hatari ya ugonjwa ule umeshapita zamani.

Sasa tuje kwenye kundi la tatu, ambalo katika kliniki huleta malalamiko mengi kuliko mawili ya kwanza. Ule ujirani wa pituitari na neva za macho una maana kwamba jambo moja linaweza kuviharibu vyote viwili. Kuna watoto wanaozaliwa neva zao za macho zikiwa nyembamba kupita kiasi, pamoja na kasoro za katikati ya ubongo na pituitari isiyofanya kazi ipasavyo. Mtoto wa namna hiyo huonekana macho yakichezacheza akiwa na miezi michache, hafuati uso wa mama, na huenda alishawahi kushuka sukari siku chache baada ya kuzaliwa. Mara nyingi daktari wa macho ndiye wa kwanza kushuku kwamba homoni zimepungua. Mtoto huyo akianza sindano akiwa na miaka mitatu na mwalimu wa chekechea akagundua mwaka unaofuata kwamba haoni ubao, dawa haihusiki. Neva ilizaliwa hivyo, na kinachohitajika ni msaada wa elimu kwa mwenye uoni hafifu.

Mwingine ni mtoto mwenye kraniofaringioma, uvimbe usio wa saratani unaoota karibu na pituitari na kuzibana neva za macho zinapokutana. Huyu hupoteza uoni wa pembeni pande zote mbili: anagonga fremu ya mlango kwa bega, hauoni mpira unaotoka kando, anaitwa mzembe. Mara nyingi kudumaa ndiko kunakomleta hospitali, na picha ya kichwa ndiyo inayofichua uvimbe, ndiyo maana mtoto hawekwi kwenye homoni kabla kichwa hakijapigwa picha pale upungufu unapothibitika. Baada ya upasuaji, kwa desturi madaktari wengi husubiri mwaka mmoja wa utulivu kabla ya kuanza sindano. Kumbukumbu za miaka mingi hazijaonyesha kwamba homoni huurudisha uvimbe huo. Lakini uvimbe hurudi wenyewe kwa baadhi ya watoto, na ukirudi wakati sindano zinaendelea, wa kwanza kulaumiwa ni homoni. Kwa mtoto huyu eneo la kuona lipimwe kwa ratiba maisha yote ya utotoni, na kuporomoka kokote kwa uoni kuitwe dalili ya uvimbe hadi picha ionyeshe vingine.

Wasichana wenye sindromu ya Turner nao huja na mzigo wao wa macho: makengeza, kope zilizolegea, jicho vivu (ambalo ubongo haukujifunza kulitumia vizuri), kuhitaji miwani mapema, na hata upofu wa rangi nyekundu na kijani, ambao kwa wasichana wengine ni adimu lakini kwao hukaribia kiwango cha wavulana, kwa kuwa jeni husika iko kwenye kromosomu X na wengi wao wanayo moja tu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unataka wachunguzwe macho wakiwa na miezi 12 hadi 18, au mara tu ugonjwa unapotambuliwa, jambo lisilohusiana kabisa na homoni.

Kuhusu homoni kurefusha jicho na kuleta uoni wa karibu tu, au kupandisha presha ya macho, matokeo ya tafiti yanatofautiana na mabadiliko yaliyopatikana ni madogo. Miwani inapobadilika kwa mtoto anayekua, sababu ya kawaida ni kwamba anakua.

Ratiba yenyewe inabishaniwa. Karatasi ya dawa inataka uchunguzi wa mara kwa mara kwa wote. Wataalamu wengi wa homoni humrudisha mtoto kwa daktari wa macho pale tu dalili zinapotokea, wakisema kuwa tatizo ni nadra mno kuwasumbua watoto elfu kwa ajili ya mmoja. Mwongozo wa madaktari wa homoni za watoto wa Marekani Kaskazini wa mwaka 2016 unasisitiza familia zielezwe mapema kuhusu shinikizo la fuvu. Naona njia ya kati inafaa: uchunguzi wa kwanza usikosekane kwa yeyote, uchunguzi wa pili ufanyike ndani ya miezi miwili au mitatu kwa wenye figo, Turner, Prader-Willi, unene au umri mdogo usioweza kujieleza, na waliobaki wafuatiliwe kwa kuulizwa maswali kila wanapokuja kupimwa urefu. Madaktari bingwa wa homoni za watoto wanaofundishwa Nairobi tangu mwaka 2008 wamesambaa katika nchi zetu, lakini bado ni wachache na mara nyingi kliniki yao haiko jengo moja na ya macho. Barua ya rufaa iseme wazi kinachotafutwa: hali ya kichwa cha neva cha macho yote mawili, mboni zikiwa zimepanuliwa. Barua iliyoandikwa "kupima macho" hurudi na cheti cha miwani.

Mtoto aliyesimamishiwa homoni kwa sababu ya shinikizo anaweza kuirudia, dalili zikishakwisha na neva ikishatulia, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, huku akichunguliwa tena katika wiki za mwanzo kwa kuwa hali inaweza kujirudia. Hapo kuna swali jipya lililoletwa na homoni za kudungwa mara moja kwa wiki, ambazo ya kwanza kati ya kizazi chake iliidhinishwa Marekani mwaka 2021. Kwa sindano ya kila jioni, kusimamisha kunamaanisha kuiruka ya leo, na ndani ya siku moja homoni iliyodungwa imekwisha. Iliyodungwa Jumapili kwa ajili ya wiki nzima haiwezi kutolewa mwilini ikiwa kichwa kimeanza kuuma Jumatatu, na kwa mtoto aliyewahi kupata uvimbe wa neva daktari ana haki ya kumrudisha kwanza kwenye sindano ya kila siku.